Kamba ya Pima Ngapi?

Mwanangu Nuru ameng'oa kabari ya dirisha sasa hivi, kile kipande cha mti kinacholikaza. Kapanda ndoo ya maji iliyofunikwa, akatia mguu kwenye ufa wa tofali, mkono mmoja akashika nondo na mwingine akaishika kabari. Wala hakuivuta kwa nguvu. Aliitikisa kushoto, akaitikisa kulia, ikalegea, akaichomoa. Halafu akanigeukia kunionyesha, uso umejaa sifa, kama mtu aliyerudi na samaki mkubwa.

Ana mwaka mmoja na nusu. Hakuna aliyemfundisha.

Nilimshusha, nikamnusa utosi, nikakaa naye sakafuni. Yaani machozi yalinijia kwa ajili ya kipande cha mti.

Leo ni Jumamosi, asubuhi, hapa Chemchem. Mawingu yapo ila hayana nguvu tena, yanadondosha manyunyu na kuacha. Ni mvua za kumalizia. Mwili wangu uko hapa unaosha vyombo, moyo uko Sikonge kwa baba toka jana.

Jana baba alipiga simu. Kupata mtandao lazima apande kichuguu cha nyuma ya nyumba, kwa hiyo huwa haongei mengi. Akapokea shikamoo yangu, akamuulizia Nuru, kisha akasema, "Kesho nachuna magome. Unataka jiwe lipi?"

Nikamwambia anipe mpaka leo. Akacheka kidogo, akasema magome hayana subira, akashuka kichuguu.

Wengine wanaosoma hapa hawamjui baba yangu. Ni mrina asali, lakini zaidi ya mizinga ya mitini anarina ile asali inayokaa kwenye nyufa za mawe makubwa huko porini. Anapanda wakati wa kipupwe, baridi ya asubuhi inapowafanya nyuki wawe wazito. Hana vyuma. Ana kamba ya magome ya miti ya miyombo anayoisokota mwenyewe, na kabari za mti mgumu anazozigonga kwenye ufa, moja baada ya nyingine, akipitisha kamba humo ili akiteleza asifike mbali. Yeye hutangulia na moshi wake. Nyuma anafuata mtu wa pili, anayezing'oa kabari zote, jiwe libaki kama lilivyokuwa.

Mtu wa pili nilikuwa mimi. Toka nina miaka kumi, na baada ya kumaliza la saba, mpaka nikaolewa. Unaitikisa kushoto, unaitikisa kulia, inalegea.

Kwetu anayechagua jiwe si anayetangulia, ni anayefuata. Na kamba inasokotwa kwa urefu wa jiwe hilo moja, maana kamba ya kupandia haitiwi fundo katikati. Ikipungua pima moja, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, basi, mwaka umepita, kwa sababu mvua zikikatika magome yanang'ang'ania mti, hayachuniki. Ndiyo maana baba hawezi kusubiri nifikirie mpaka mwezi wa sita.

Sasa niseme jambo ambalo sijawahi kuliandika.

Mwaka ule kabla ya Nuru kuzaliwa baba aliniuliza swali hilihili. Nikajibu haraka, "Mnara." Mnara ni jiwe refu kuliko yote ya upande ule, limesimama kama ukuta, pima thelathini. Baba alisokota wiki tatu. Vidole vyake vilichubuka, dada yangu ndiye aliyeniambia. Kipupwe kikaingia, nikawa na mimba, natapika kutwa nzima. Nikanyamaza tu. Sikupiga simu kusema siji. Nilidhani atajua mwenyewe.

Kamba ikakaa darini mwaka mzima, panya wakaila.

Baba hakunilaumu. Alisema tu kwamba panya nao wana safari zao. Lakini najua alikaa barazani siku ngapi akiangalia njia, akisikia kila baiskeli inayopita.

Kwa hiyo jana usiku niliwaza ujanja. Nikasema nichague lile jiwe la Lusu, kule Nzega kwa shangazi. Limelala kama ng'ombe aliyeshiba, mbuzi wanalipanda wenyewe. Asali hakuna, kamba haihitajiki. Nikishindwa kwenda, hakuna kamba itakayoliwa na panya.

Unaona nilivyo. Nilikuwa nachagua jiwe la kutokwenda.

Hofu yangu nyingine ilikuwa mama mkwe. Tunaishi naye, na kwao ni watu wa duka, watu wa vitambaa na ubani, wamekaa mjini hapa toka enzi za misafara. Nuru bado ananyonya. Nitamwambiaje mama wa watu kwamba nataka nimwache mjukuu wake chini nipande jiwe kutafuta nyuki? Mume wangu alinicheka, akasema nikaongee na mama mwenyewe, yeye hayumo.

Leo alfajiri tukiwa tunachambua mchele nikamwambia. Niliongea nikiangalia sinia. Akatoa vijiwe vitatu kwenye mchele.

"Nyie Wanyamwezi kweli pimbi, mawe ndiyo kwenu," akasema. "Na huyo baba yako anafunga kamba kiunoni, au ni bismillahi tu?"

Nikamwambia anafunga, na bismillahi juu yake.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mimi kunyonyesha siwezi, lakini kilio cha mtoto nakijua. Nitakaa naye chini. Ila unichagulie lenye kivuli, mgongo wangu hautaki jua."

Nikaendelea kutoa vijiwe, hata visivyokuwepo.

Miaka yote nilikuwa nachagua jiwe kwa kuangalia urefu na ufa wake, mguu utakaa wapi, asali itakuwa upande gani. Sikuwahi kuchagua kwa kufikiria mtu atakayebaki chini.

Nikayapitia mawe yote kichwani, moja moja. Mnara chini yake ni changarawe tupu, jua kali toka saa nne. Halafu ukifika nusu husikii chochote cha duniani, upepo tu. Zamani nilipapenda kwa sababu hiyo. Sasa nikijiona pale juu, nimeshikilia jiwe, na chini Nuru analia na mimi sisikii, mikono inaloa jasho hapahapa kwenye simu.

Kuna Mapacha. Ni mawe mawili yaliyoegemeana, katikati yake ufa mmoja unaopanda mpaka juu, wa kutosha ngumi. Si jepesi la mbuzi, si gumu la kunitoa roho. Pima kumi na tano. Nusu ya njia kuna kibao cha jiwe kama kitanda, ambapo baba hukaa kuwasha moshi upya, na ukiwa hapo unamsikia mtu wa chini hata akikohoa. Chini kuna mkuyu mpana. Baba husema wapagazi wa zamani walikuwa wakipumzika pale wakielekea ziwani, na masizi yaliyopo ukutani ni ya mafiga yao. Kutoka juu unaiona njia yao bado, mstari mweupe ndani ya miyombo.

Nimelikumbuka mpaka harufu. Jiwe la asubuhi lina ubaridi wa mtungi. Gome bichi linanukia kama chai iliyosahaulika. Na sauti ya baba juu yangu, haipigi kelele, inauliza tu, "Umeshika?" Miaka minne hakuna mtu aliyeniuliza hivyo.

Mnara nauacha. Sitaki kudanganya, umeniuma. Magoti ya baba yanalia akipanda kichuguu tu, nayasikia kwenye simu. Huenda mimi na yeye hatutaupanda pamoja tena. Huenda nilipoacha ile kamba iliwe nilikuwa naacha kitu kikubwa kuliko kamba, na sikujua.

Lakini Mapacha yapo. Kipupwe kinakuja. Nina miezi miwili ya kuimarisha mikono. Asubuhi hii nimeanza kubeba ndoo mbili badala ya moja, jirani kaniuliza nimepatwa na nini.

Nitaweza? Sijui. Mwili huu umezaa, si ule wa zamani. Ila vidole vinakumbuka. Nimeirudisha kabari dirishani, na Nuru ananiangalia kama fundi anayejua kwamba kazi yangu haitakaa muda mrefu.

Simu ya mama mkwe inalia sebuleni. Ndiyo namba pekee ambayo baba ameiandika kwa mkaa mlangoni kwake. Nasikia wanasalimiana, nasikia anamwambia baba kwamba na yeye anakuja, aandaliwe mkeka. Sasa ananiita: "Mama Nuru, njoo upesi, baba yako yuko juu ya kichuguu anauliza pima ngapi."

Nakwenda kumwambia kumi na tano, na kabari zangu aziloweke mafuta, na kwamba safari hii kamba haitaliwa na panya.