Zamu Yangu ya Kuwa Mteja Mkali

Dada yangu,

Huku mvua imekata na mtoto ameota jino. Dukani wametuletea mkufunzi anayefundisha huduma kwa wateja kwa michezo. Mmoja anakuwa mteja mkali, anatukana na kugonga kaunta. Keshia akikunja uso, katoka. Mimi sikukunja. Nikavishwa taji la karatasi.

"Umejifunzia wapi uvumilivu huu?" mkufunzi akauliza. Nikacheka tu.

Kisha ikaja zamu yangu ya kuwa mteja. Dada, yalinitoka maneno ya shemeji yako, neno kwa neno, hata lile la "nitakung'oa meno ucheke kwa ufizi". Rafiki yangu Kibonge, aliyekaa kama keshia, akatabasamu jinsi mchezo unavyotaka. Tabasamu lile nalijua, ni langu. Nikamkamata nywele, nikambamiza uso kwenye kaunta, nikarudia, mpaka wakanivuta. Damu ilichuruzika hadi kwenye droo ya chenji.

Ameshonwa mdomo. Nilipokwenda kumwomba radhi, alirudi nyuma mpaka ukutani, vile vile ninavyorudi mimi shemeji yako anapofungua mlango.

Nakuja kesho na mtoto. Shemeji yako akikupigia simu, usipokee.

Mdogo wako