Lori la Baba na Mdoli wa Vero

Jumatatu, 3 Machi

Msasa tena. Mke wangu Vero kalala baada ya chakula cha mchana, mimi niko nyuma ya nyumba na lori la kuchezea, la mbao, alilotengeneza Baba. Rangi ya zamani inatoka kama unga. Nimejifunga kitambaa puani na nimekaa mbali na dirisha lake. Chini ya nyekundu kuna bluu. Bluu siikumbuki kabisa. Labda Baba aliipaka kabla sijazaliwa.

Dada alilileta juzi kutoka Muleba, ndani ya kiroba. Alilitoa mbele ya Vero akicheka: "Deo, mwanao atachezea nini?" Nilitamani kumziba mdomo.

Magurudumu ni ya kandambili. Yamekauka, yanapukutika. Bodi imepasuka ubavuni. Mimi nauza spea za magari Igoma, useremala siujui. Napinda misumari, najigonga vidole.

Naogopa. Bora niandike tu. Mwaka juzi tulinunua kila kitu: beseni, shali, soksi, chandarua kidogo chenye maua. Mtoto alizaliwa kimya. Tulimzika, nguo tukagawa. Safari hii tumekubaliana na Vero: hatununui kitu mpaka tumsikie analia.

Lori halijanunuliwa. Hiyo ndiyo hoja yangu.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilikwenda misa ya asubuhi peke yangu, Vero haruhusiwi kutembea sana. Padri alinipaka majivu akasema yale maneno, u mavumbi na mavumbini utarudi. Sikutaka kuyasikia mwaka huu.

Dukani simu ikalia. Nikaangusha boksi zima la bolti mbele ya mteja. Alikuwa mtu wa Sengerema anaulizia beringi.

Jioni nimemchukua mdoli wa Vero kabatini. Wa kitambaa, kashonwa na mama yake enzi hizo wanalima pamba Magu. Mgongo umefumuka, mkono mmoja hauna kitu ndani. Nimemfumua kabisa ili nimfue. Pamba ya ndani imegandamana, imekuwa ya kahawia, na mbegu zake bado zimo. Nimeitandaza kwenye sinia. Sijui kwa nini sikuitupa.

Vero hajui. Nafanya kama mwizi.

Jumamosi, 8 Machi

Mama mkwe amekuja kutoka Magu, atakaa mpaka Vero ajifungue. Nilifurahi kumwona kuliko nilivyotarajia. Nikampokea mizigo, nikamwonyesha chumba. Mdoli nilikuwa nimemwanika kwenye kamba ya nyuma, mtupu, ngozi tu. Nilimsahau.

Akamwona. Akasimama pale, kiganja mdomoni.

"Baba, huyu umemtoa wa nini?"

Nikamwambia ukweli. Hakufoka. Ingekuwa nafuu angefoka. Aliongea polepole, akiangalia chini: "Mwaka juzi mliandaa. Naomba hivi vitu vitoke humu ndani. Nisaidie, baba. Mimi siwezi kumwona mwanangu vile tena."

Kumbe na yeye anaogopa. Hofu yangu ikawa mara mbili.

Jumapili, 9 Machi

Nimevipeleka vyote dukani Igoma, chini ya kaunta, nyuma ya makopo ya grisi. Nimesoma, nina cheti ukutani. Siamini kwamba lori la mbao linaweza kumdhuru mtoto tumboni. Lakini nilipofunga mlango wa duka nilishusha pumzi kama niliyeponea chupuchupu.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya.

Vero aliamka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi. "Lori liko wapi?"

Kumbe alijua siku zote. Alikuwa hasinzii mchana. Alikuwa analala akisikiliza msasa.

Nikasema nimelipeleka dukani, ni la muda tu. Akauliza kuhusu mdoli. Mama yake akaanza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa.

"Umeshamzika?" Vero akaniuliza. "Deo, niambie. Mmeshamzika mwanangu na mimi bado namsikia anacheza?"

Sijawahi kuulizwa swali kama hilo. Nilitoka, nikapanda pikipiki, nikaenda Igoma, nikarudi na kiroba. Nikakiweka kitandani kwake. Hakuniambia asante. Alimtoa mdoli, akamlaza juu ya tumbo, akageukia ukutani.

Jumatano, 12 Machi

Nimerudi kutoka kazini na kumkuta mama mkwe barazani na sinia la pamba mapajani. Anatoa mbegu moja moja, anachambua kwa vidole. Nimemsalimia, "Shikamoo mama." Akaitikia bila kuinua macho. Baadaye akasema pamba hii haitoshi, atamwagizia mdogo wake wa Magu atume nyingine kwa basi.

Vero anashona mgongo wa mdoli. Nimekata magurudumu mapya kutoka kandambili zangu mwenyewe.

Ijumaa, 14 Machi

Uso wa Vero umevimba. Pete haitoki. Kliniki wamempima presha, nesi akapima tena, akabadilisha mkono, akapima tena. Dawa zimeongezwa. Tumeambiwa: akiumwa kichwa sana, au akiona vitu vinametameta, msisubiri.

Msisubiri. Neno hilo linanizunguka kichwani. Mimba bado haijatimiza miezi. Nimeongea na bodaboda, nimeongea na mwenye bajaji wa kona. Nimemwambia asizime simu. Akanicheka, kisha akaona uso wangu, akaacha.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa hospitali, kwenye benchi.

Jana adhuhuri nilikuwa napiga misumari ya mhimili wa lori. Vero akaita kutoka ndani. Hakupiga kelele, aliita kawaida tu: "Deo, kuna vimulimuli humu." Mchana kweupe. Nyundo sijui niliiacha wapi.

Bajaji ilifika haraka. Mama yake alimkumbatia nyuma, mimi mbele na dereva. Mvua ilikuwa imenyesha, matope kila mahali. Tulipofika geti la hospitali Vero akakakamaa. Macho yakapinduka. Meno yakasagana. Nimeyaona haya na sitayasahau. Manesi walimchukua mikononi mwetu wakakimbia naye. Mimi nilibaki na kiatu chake kimoja.

Kifafa cha mimba. Wakasema lazima wamtoe mtoto sasa. Nikasaini. Sikusoma.

Mama akaniuliza, "Watapona wote?" Nikamjibu ndiyo. Sikuwa na haki ya kujibu.

Mtoto ni wa kike. Alilia. Sauti ndogo, kama paka aliyefungiwa nje, lakini alilia. Nikakaa sakafuni.

Vero hajazinduka.

Jumatatu, 17 Machi

Hajazinduka. Wanasema ni dawa pia, wanamlaza ili asipate degedege tena. Nimemwona. Midomo imevimba, amejing'ata ulimi. Namwogopa mke wangu. Naogopa kumgusa.

Mtoto yuko chumba cha joto. Mkono wake wote ni kama kidole changu. Nilisimama mlangoni, nikashindwa kuingia. Niliwaza: nikimpenda huyu na mama yake asirudi, nitamwangaliaje? Nimewaza hivyo. Ni mimi.

Mama mkwe haombi kwa sauti. Ameketi na mdoli ndani ya mfuko wa rambo, anajaza pamba iliyotumwa jana kwenye mkono uliobaki, anashona. Nilimuuliza mbona amekuja naye huku. "Nikikaa bure nitapiga yowe," akasema.

Jumanne, 18 Machi

Amefumbua macho mchana. Hakunitambua mwanzoni. Akaangalia dari, akaangalia mama yake, akashika tumbo, likawa halipo. Uso uliobadilika pale sitaki kuueleza. Nikawahi: "Yupo. Vero, yupo. Analia."

Hakuamini. Alidhani namfariji. Nesi akaenda, akarudi akisukuma kikitanda. Vero akamwangalia mtoto. Kisha akaniambia kwa ule ulimi uliovimba nimgeuze kidogo amwone sikio.

Nililia mbele ya wodi nzima. Mwanamke wa kitanda cha jirani akanipa khanga yake nijifute.

Jumatatu, 24 Machi

Vero anapata nguvu, lakini presha bado inapanda na kushuka. Manesi wamesema baba naye abebe mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi. Nikavua shati. Wakamweka, wakamfunga kwa khanga.

Sijawahi kuogopa hivi, hata siku ya bajaji. Kule nilikuwa nakimbia. Hapa natakiwa nitulie. Nilipumua kwa nusunusu nisimtingishe. Mtoto akasahau kupumua kidogo, nesi akamfinya kisigino, akaendelea, kama si jambo. Mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye magoti.

Jina tumempa: Kokushubira, kutumaini kwa Kihaya. Koku.

Alhamisi, 3 Aprili

Tumeruhusiwa. Wameniambia dalili za kuangalia kwa Koku na kwa mama yake. Nimezirudia njia nzima. Dereva akaniuliza kama nasali.

Jumapili, 6 Aprili

Nyumbani. Mvua imekatika. Nimemalizia lori: rangi nimepaka bluu, ikakauka juani. Gurudumu moja la nyuma linayumba, limenishinda. Vero alilivuta kwa kamba kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, likapinda kushoto, likagonga stuli. Akacheka, akashika mshono, akacheka tena kwa uangalifu.

Mdoli amekaa dirishani. Mkono mmoja mnene kuliko mwingine, pamba mpya na ya zamani. Mama alimshusha, akamwonyesha Koku. Koku akapiga miayo. Hana habari na mtu. Itapita miezi kabla hajaushika huo mkono, na mwaka au zaidi kabla hajavuta lori.

Mama ameenda kuulizia basi la Jumanne la kurudi Magu. Vero amelala. Mimi niko barazani, Koku yuko kifuani ndani ya shati, anakoroma kidogo. Ana joto. Mlima mzima wa nyumba ng'ambo unaonekana, na moshi wa majiko ya mchana.

Bado naogopa. Chai yangu imepoa, na sitaki kuinuka.