Mahindi ya upande wa Beu

Dada Kavira,

Salamu zikukute mu baridi yako ya Butembo. Hapa Beni joto inatukausha.

Tangu waasi babebe vitu vya dispanseri, muganga hana hata pini ya kuweka alama. Donc alichora mitaa ku ukuta, akabandika mahindi kwa bugali kama gundi, mbegu moja kwa kila mutoto mwenye surua. Panya bakakula mbegu zote za upande wa Beu, mutaa wetu. Mukubwa wa kugawa dawa akafika, akaona ku ukuta Beu iko safi, akapeleka dawa yote fasi ingine.

Leo muganga alikuwa anarudisha zile mbegu. Mama mumoja akamushika mukono: "Ya mutoto wangu usirudishe. Tulimuzika."

Pakata batoto bote, dada, hata bale bakubwa.

Mbambu