Picha ya Kwanza Kutokea

Magunga, Jumapili, 9 Machi 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Leo nitakuambia kila kitu bila kuruka. Hujambo wewe, na Mama hajambo? Kifua cha mtoto kimepona? Mimi ni mzima, ila kutulia kumenishinda.

Ile tovuti ya kikundi chenu cha dagaa wa omena, ambayo klabu yetu ya kompyuta inatengeneza, sasa ina picha zinazozunguka zenyewe! Mwalimu Wesley alinionyesha mara moja, kisha akaniachia. Ukifungua, picha ya kwanza inakaa sekunde tano, inateleza pembeni, nyingine inaingia, mpaka zote kumi ziishe zianze upya. Ni zile nilizopiga ufuoni Muhuru wakati wa mapumziko mafupi. Ya kwanza ni yako. Umesimama katikati ya nyavu za kuanikia, unacheka, na omena wanameta kama sarafu mpya.

Tafadhali fungua kwenye simu yako umwonyeshe Mama, maana ile yake ni ya kupiga na kupokea tu. Nitampa dereva Osoro barua hii akileta magunia ya omena huku Alhamisi. Natumaini mtafurahi wote wawili.

Binti yako,
Jedidah


Muhuru Bay, Jumatano, 19 Machi 2025

Binti yangu Jedidah,

Habari ya masomo? Sisi tuko, mtoto amepona. Asante kwa kuniandikia Kiswahili. Miaka sita nimeolewa hapa, na Dholuo yangu bado inachekwa sokoni.

Nilimwonyesha mama yako pale ufuoni, mbele ya wanawake wa kikundi. Nikatokea mimi. Halafu wavu. Halafu yule mbwa wa Nyanchoka. Ndiyo mama yako akatokea, ameinama, mgongo tu. Nyanchoka naye hana breki mdomoni. Akasema, "Kumbe boma hili limegeuzwa! Siku hizi mnaingilia nyuma?" Watu wakacheka. Mama yako hakucheka. Aliniambia, "Bhoke, hata mbwa amenitangulia. Haya, tangulieni."

Jedidah, mvua ilinyesha Jumamosi. Wewe unajua desturi ya boma lenu kuliko mimi. Yeye ndiye mikayi, mke wa kwanza, nyumba yake ndiyo inayotazama lango, na mbegu ya kwanza ni yake kuangusha. Mimi nikimtangulia, watasema nimeleta chira, na mtoto akikohoa tu itakuwa ni mimi nimemletea huo mkosi. Sasa ameketi mlangoni anachambua maharage. Nikamuuliza, "Mama Jedidah, tutapanda lini?" Akasema, "Muulize yule wa kwanza."

Baba yako yuko Mfangano kwenye uvuvi. Kwa simu anasema tumalizane wenyewe.

Mama yako mdogo,
Bhoke


Magunga, Alhamisi, 20 Machi 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Poleni sana. Naandika haraka, Osoro ananingoja langoni na tayari amepiga honi mara mbili.

Nimesoma barua yako, nikakimbia moja kwa moja hadi chumba cha kompyuta. Nimeondoa mpangilio wote. Kuanzia sasa kompyuta inachagua yenyewe, kila mtu akifungua anapata picha tofauti mbele. Hakuna wa kwanza tena, hakuna wa mwisho. Mwonyeshe Mama leo hii. Mwambie ni kosa langu, si lako.

Huku Magunga watu wote wamepanda. Nikiangalia dirishani naona mashamba yao, nashindwa kusoma.

Binti yako,
Jedidah


Muhuru Bay, Jumatano, 26 Machi 2025

Jedidah,

Salamu. Sisi tuko.

Nilimpelekea simu nyumbani kwake, tukiwa wawili tu, nisirudie lile la ufuoni. Nikafungua. Nikatokea mimi. Nikamwambia ngoja, mama, hii inabadilika. Nikafunga, nikafungua tena. Nyanchoka. Nikafunga, nikafungua. Mimi tena. Nilitaka ardhi inimeze. Akanirudishia simu polepole, akasema, "Mmefundisha mpaka mashine."

Mvua imenyesha tena mara mbili. Jirani zetu mahindi yao yameanza kuchungulia. Mimi nimelima kipande changu, nimekitazama, nimerudi nyumbani. Mwaka huu tutakula nini sisi wote, pamoja na huyo aliyekasirika?

Usinitumie ufundi mwingine.

Bhoke


Magunga, Alhamisi, 27 Machi 2025

Mpendwa Mama mdogo,

Shikamoo. Sikuulizi habari, nazijua.

Picha ya Mama sasa iko mbele, na itabaki mbele. Lakini nilipomaliza kubonyeza sikuona nafuu yoyote, na nimejua kwa nini. Nilikudanganya kwamba nilikosea tu. Siku ile napanga picha, Celestine wa klabu yetu aliniuliza, "Mama yako mzazi umemweka wapi?" Nikamjibu, "Atatokea." Nilijua, Mama mdogo. Mapumziko yale Mama alinigombeza kila siku, wewe ukanisuka nywele tukicheka. Nilipopiga picha yake sikumwambia hata ainuke. Nilitaka aone.

Alichokiona ndicho nilichotaka akione. Hakukosea kukasirika, ila alimkasirikia mtu asiyehusika.

Kwa hiyo nimemwandikia barua yake mwenyewe, kwa Dholuo, na haya yote yamo. Osoro atampa mkononi. Tafadhali wewe usiiguse, wala usimwombee msamaha kwa niaba yangu. Tunafunga shule Ijumaa ijayo. Nitaingia kwake kwanza, hata kama mlango umefungwa, nami nitakaa hapo nje mpaka afungue.

Osoro atapita hapa tena Alhamisi, siku moja kabla sijaondoka. Nijibu kupitia kwake, hata kwa neno moja juu ya kipande cha karatasi: baada ya kuisoma, Mama ameshika jembe?

Binti yenu,
Jedidah