Rangi za Msichana wa Miavuli

Kwako Kaka Twalib,
Mowlem, Nairobi.

Assalaam aleikum, Kaka. Najua macho yanayopita juu ya maneno haya si yako, ni ya wifi yangu Salma. Kwa hiyo nawe wifi pokea salamu, na nakuomba usome polepole bila kuruka mahali. Ukifika panapouma, weka barua chini, mnywe chai, halafu uendelee. Mimi huku Doha ni mzima wa mwili. Mama anaendeleaje na magoti yake? Mwambieni aache kukalia kile kigoda cha chini, maana kuinuka kwake ni mpaka waitwe majirani.

Kaka, ulinitumia sauti kwa simu nami nikanyamaza hadi ukamwambia Salma nimekasirika. Sikukasirika. Kila nikifungua mdomo nijibu, sauti ilikuwa inageuka kilio, nami sikutaka unisikie hivyo. Nimeona heri niandike, nimpe mwenzangu anayerudi nyumbani. Barua haikatwi na mtandao, na Salma atakusomea tena kila ukitaka.

Maneno yako nimeyashika yote. Ulisema: "Ruki, daktari amesema presha ya macho imemaliza jicho la kulia, na hili la kushoto nalo linaenda. Kabla halijazima nataka kuirudia ile picha ya kwa Mama Akinyi. Nilipaka kijivu kitupu. Niambie rangi zake za kweli."

Nimeomba ruhusa nije mwenyewe. Mama wa nyumba hii amesema mkataba haujaisha, na pasipoti yangu anayo yeye kabatini. Nilipoomba tena hakunipigia kelele, aliniambia tu niende nikamalize kupiga pasi. Kwa hiyo jicho lako litazima mimi nikiwa huku nakunja shuka za watu. Nasema wazi, jambo hili linanila moyo.

Unakumbuka jinsi tulivyoijua katuni ile ya msichana uliyempaka kwenye picha hiyo? Wifi, hii pengine mumeo hajakusimulia vizuri, kwa sababu yeye hakuitazama sana. Televisheni ya Mama Akinyi ilikuwa nyeusi na nyeupe, na antena yake ilikuwa imefungwa kwenye mti mrefu uliosimikwa nyuma ya nyumba mpaka juu ya mabati. Picha ilikuwa haikai mpaka mtu aushike ule mti kwa mkono. Ukiuachilia tu, msichana wa watu anageuka chenga. Sasa nani ashike? Kaka mkubwa. Jioni zote zile mumeo alikuwa juu ya mabati, mkono kwenye mti, nasi watoto wa ploti nzima tumejazana sebuleni kwa Mama Akinyi, naye akitutishia kwamba bati likitoboka tutalala sisi kwenye maji.

Mimi ndiye nilikuwa nakaa dirishani. Kaka, ulikuwa unauliza kutoka juu, "Ruki, inaonyesha?" Nami napiga kelele, "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usisonge!" Kisha nakusimulia. Sasa anatembea na babu yake. Sasa wamefika kijiji kingine, wanauliza nani ana mwavuli uliovunjika. Sasa babu anakohoa. Lugha yenyewe hatukuielewa, hata jina la katuni hatukulijua, tukamwita msichana wa miavuli tu. Ulikuwa unashuka mkono umekufa ganzi, unaokota mkaa, unamchora ukutani ukifuata maneno yangu. Na ulimchora vizuri kuliko sisi tulioketi tukamwona. Hilo sijawahi kulielewa mpaka leo.

Mwenye macho haambiwi tazama, lakini wewe umekuwa ukiambiwa tangu ukiwa na yote mawili.

Basi siku moja huku nilikuwa napiga pasi, nikasikia ule wimbo wa mwanzo kutoka chumba cha mtoto. Kaka, miguu yangu ilikwenda yenyewe. Niliiacha pasi juu ya kanzu ya baba wa nyumba, ikaungua mgongoni, na masimango niliyopata nisingependa kukuandikia. Lakini nilisimama mlangoni nikamwona. Yule yule, na mwavuli begani. Sikujua kama nina kiu ya kitu kile mpaka nilipokiona. Machozi yalinitoka, mtoto akaniuliza kwa Kiarabu kama ni mgonjwa.

Sasa sikiliza kama fundi. Lile koti tulilogombania, wewe ukisema jekundu nami nikisema la bluu, tulikosa sote. Ni la kijani, kijani kilichochoka, kama mchicha uliokaa sana motoni. Miavuli si myeusi hata kidogo. Ni ya karatasi, rangi ya matofali mapya, na mwanga ukiipita, uso wa msichana unapata wekundu kidogo shavuni. Anga si bluu. Ni kama chai ya rangi iliyotiwa maziwa machache, na mawingu yamepakwa kwa mkono, unaona kabisa burashi ilipoanzia na ilipoishiwa rangi. Ungefurahi mno hapo.

Tena nimegundua kitu. Yeye mwenyewe hasogei sana. Wanasogeza nywele, kope na mdomo, basi. Kazi kubwa iko nyuma yake. Milango iliyooza chini, doa la maji chini ya dirisha, nguo za watu kwenye kamba, nyasi zilizoota kwenye ufa. Kuna mtu alikaa mahali akaupaka ukungu wa ukuta kwa mapenzi, ilhali picha yenyewe inapita kabla hujameza mate. Nilimwonea huruma mtu huyo, kisha nikakufikiria wewe na zile kuta zote za vinyozi unazopaka picha Umoja mpaka Dandora, unavyohangaikia vivuli ambavyo wenye duka hawavitazami.

Sasa nije kwenye jivu.

Unajua nasema nini. Pale mwisho babu amelala, msichana amesimama peke yake chini ya mti, na vipande vinamwangukia kichwani na begani. Nilikupigia kelele kutoka dirishani, "Jivu linamwangukia!" Nawe ukajibu kutoka juu, "Hata mimi." Ilikuwa ni kweli, siku hiyo walikuwa wanachoma takataka huko Dandora na Mama alikuwa anakimbia kuanua nguo. Mama Akinyi akasema, "Kumbe hata kwao kuna dampo." Nasi tukampenda zaidi, kwa kuwa alikuwa wetu. Ndivyo ulivyompaka ukubwani kwenye ukuta wa saluni ya Mama Akinyi, na jivu likimwangukia, na wateja mpaka leo huuliza ni nini kile.

Kaka, si jivu. Ni maua. Ule mti umechanua wote, na maua yake yanapukutika. Ni ya pinki. Yule mtoto alinionyesha kwa kidole, akanishangaa kwamba sikujua.

Nilikaa na neno hili siku nyingi nikitaka kukudanganya. Nilifikiri nikuambie ni kijivu, umepatia, usiguse kitu. Ningekuwa nimekuachia kitu chetu kizima. Lakini uliniuliza rangi ya kweli, na mimi ndiye dirisha lako, sina ruhusa ya kukusimulia uongo.

Basi paka. Chukua nyeupe nyingi, utie nyekundu tone dogo, dogo sana, mpaka ifanane na ufizi wa mtoto mchanga. Vitu vikubwa na vya karibu bado unaviona, basi sogea mpaka pua iguse ukuta, na Salma akushikie kopo. Geuza jivu lote liwe maua. Lakini moja niachie. Lile la begani, upande wa kushoto, liache kijivu. Tena lipake nene, rangi juu ya rangi kila ikikauka, mpaka lisimame ukutani kama kovu. Siku jicho litakapokataa, vidole vyako vitalipata. Nami nikirudi, usinionyeshe. Upeleke mkono wangu juu yake.

Nisalimie Mama, mama yetu mwenye magoti, na umwambie namwombea kila swala. Msalimie Mama Akinyi, mlezi wetu wa sebuleni, na umwambie lile bati nitamlipia kwa kanga. Salma wifi yangu, wewe huhitaji salamu, wewe umeshika mti sasa. Najua mkono unachoka. Ahsante.

Na wewe Kaka, nimekusimulia yote niliyoyaona. Picha ni safi huku, haina chenga. Hapo hapo, usisonge.

Ni mimi, wa dirishani,
dada yako Rukia.