Mwezi Niliokunywa Maziwa

Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Zile siku zimeingia tena. Najijua — kabla ya damu, moyo unatangulia kuzama. Leo nimelia nikimenya ndizi. Hakuna aliyenikosea. Mutalemwa kaniuliza nina nini, nikaendelea kumenya. Akachukua fimbo, akaenda malishoni. Mume wangu si mkorofi. Amechoka tu.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nimewaza mambo mabaya mpaka nikajiogopa. Nikakimbilia kwa jirani, Nyirabahire, nikamweleza yote. Hakunicheka. Anasema dada yake alikuwa hivyohivyo kila mwezi, kwamba huo ni ugonjwa, na zahanati walimsaidia. Nimwambie Mutalemwa anipeleke.

Nitamwambia!

Jumatatu, 14 Oktoba

Damu imekuja. Kichwa kimekuwa chepesi, ila ndiyo hivyo, hakuna mtoto. Na kwa hawa wafugaji hufichi kitu. Mwanamke aliye kwenye siku zake hanywi maziwa, eti ng'ombe watadhurika. Kwetu Kamuli, kwenye migomba na kahawa, hatuna hayo. Hapa kila mwezi nakataa kikombe, na nyumba nzima inajua sijashika mimba. Mama mkwe husema tu, "Haya, mwanangu." Hiyo haya yake inaniua.

Leo kaleta kikombe. Nikanywa chote.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimekunywa kila siku. Ng'ombe wazima, nawachungulia kila asubuhi. Mama mkwe kanikataza kubeba maji. Mutalemwa kaniuliza natamani kula nini — hajawahi kuniuliza. Nikasema samaki, akacheka. Nilishasahau anavyocheka. Nilitaka kumwambia habari ya zahanati, na lile giza. Nikamuuliza tu huyo samaki atampata wapi.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mutalemwa kaazima pikipiki anipeleke zahanati. Si kwa ajili ya kichwa changu. Nikaandikishwe kliniki ya wajawazito.

Mama mkwe kanifunga kitenge chake kipya. Akaweka mkono tumboni mwangu, akamshukuru Mungu kwa Kinyambo, polepole, kama anaongea na mtoto. Nikalia. Nikamwambia, mama, mimi naumwa. Akanifuta machozi. Anasema mwanzoni wote huumwa, hata yeye.

Pikipiki inanguruma nje. Mutalemwa ananiita kwa sauti ile ya enzi za uchumba. Nimemjibu natafuta viatu. Viatu ninavyo miguuni.