Pistoni Niliyokutumia, Usiifunge

Chumba namba kumi na nne,
Nyumba za wafanyakazi, nyuma ya kiwanda.
Jumapili, tarehe 24.

Mdogo wangu mpendwa, mwenye kichwa kigumu kuliko magogo unayoyakata,

Habari za siku nyingi? Hujambo huko msituni? Mgongo unaendeleaje, na lile jino uliloapa kwamba halikuumi, limeacha kutokukuuma? Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Nina mafua kidogo, na miguu inavimba jioni kwa sababu ya kusimama. Hilo la kwamba sijambo nimeliandika kwa mazoea, lakini acha tu likae hapo.

Kabla hujaendelea kusoma, nisikilize mimi dada yako. Ile pistoni niliyokutumia mwanzoni mwa mwezi, kama hujaifunga kwenye msumeno wako, usiifunge. Kama umeshaifunga, zima msumeno, fungua injini, uitoe, urudishe ile ya zamani hata kama inatoa moshi na kukutia aibu mbele ya wenzako. Usianze kubishana. Weka barua chini, nenda ukafanye, halafu urudi usome.

Umerudi? Haya.

Leo ni Jumapili ya tatu hujapiga simu. Najua kule kambini hakuna mtandao, na najua mpaka upande ule mlima wenu ndiyo upate vidoti viwili. Lakini Jumapili zote ulikuwa unaupanda. Tangu asubuhi nimeweka simu dirishani, pale panaposhika vizuri, na mimi nimekaa kitandani naitazama. Imelia mara moja tu. Mtu alikosea namba, akaomba radhi, na nusura nimwombe asikate.

Nilimpigia mkeo. Aliniambia mmehamia kambi ya ndani, siku nzima kwa lori, na kwamba tangu mhame yeye pia hajakusikia. Sikumwambia kwa nini nauliza, nisije nikamtia wasiwasi na ujauzito wake. Nikajifanya nataka kujua bei ya mbao. Wifi yangu si mjinga, alisema tu kwamba ukipiga atakuambia. Barua hii naipa dereva wa lori la magogo anayepita hapa kesho. Huja mara mbili tu kwa mwezi, na nimemsubiri kwa hamu kama mtu anayesubiri posa.

Sasa nikueleze kilichotokea, maana mimi niliyekuwa nakufokea ukifunga kamba vibaya, safari hii aliyeharibu ni mimi.

Unakijua chumba changu cha vipimo kwa kukisikia tu. Ni kidogo, kina meza ya jiwe, kabati la vifaa, na mashine ya baridi inayovuma kutwa. Baridi hiyo si anasa. Pistoni ikitoka kwa mafundi wanaokereza bado ina joto, na chuma cha namna ile kikiwa na joto kinavimba. Lazima ilale humo chumbani mpaka kesho yake, ipoe, inywee, ndipo nichukue maikromita niipime. Ikiwa sawa naipiga muhuri. Ikiwa si sawa naitupa kwenye boksi jekundu. Ndiyo maana kiwanda kizima kinaniita Bi Hapana. Nilikuwa nalipenda jina hilo, nisikufiche.

Miaka kumi na moja tulikuwa wawili humo ndani, mimi na yule mwenzangu aliyekuwa akikusalimia kwenye simu. Tulipima, tukapiga soga, tukagombana kuhusu dirisha. Mwaka jana alistaafu, akahamia kwa binti yake. Hawakuleta mwingine. Ukuta mmoja wa chumba ni kioo, nawaona mafundi upande wa pili wakifungua midomo na kucheka, lakini sisikii hata neno. Ndugu yangu, kuna siku nilitoka kazini jioni nikamsalimia mlinzi getini, sauti ikanitoka imekwaruza, ndipo nikagundua kwamba tangu asubuhi sijaitumia.

Basi siku moja nilitoka na maikromita yangu, nikaenda kupimia kulekule kwenye mashine, kwa mafundi. Nilijiambia ni kuokoa muda. Uongo mtupu! Nilitaka kusikia watu. Kuna fundi mmoja pale wanamwita Redio kwa jinsi asivyonyamaza. Aliponiona akapiga kelele, "Jamani, Bi Hapana ametoka jela!" Wakanipa kiti. Wakanisimulia habari za mke wa nani na paka wa nani, na mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kesho yake nikarudi tena. Nikawa narudi kila siku, wiki nzima.

Unaelewa nilichokifanya? Nilizipima zikiwa na moto. Zilisoma sawasawa, safi kabisa, maana zilikuwa zimevimba. Mkono wangu ulikuwa unapima na masikio yangu yako kwa Redio. Mia nne nilizipiga muhuri hivyo. Hata mwanafunzi wa siku ya kwanza asingefanya kosa hilo, nimelifanya mimi.

Niligundua umeme ulipokatika. Mashine zote zilinyamaza, mafundi wakatoka nje kuota jua, mimi nikarudi chumbani kwangu. Nikaokota pistoni moja yenye muhuri wangu, nikaipima kwa kukosa la kufanya tu. Ilikuwa ndogo. Nikadhani maikromita imeharibika, nikaijaribu kwenye kile kipande cha chuma ambacho kipimo chake kinajulikana, haina tatizo. Nikapima kumi. Zote zimepungua sehemu mbili za mia za milimita. Nikakaa chini kwenye sakafu.

Utasema sehemu mbili za mia ni nini, hata unywele ni mnene kuliko hapo. Msimamizi naye aliniambia vivyo hivyo nilipompelekea. "Nani ataiona hiyo?" Nikamwambia ataiona anayeshika msumeno. Pistoni ikilegea ndani ya silinda inagonga. Mwanzoni asubuhi tu, injini ikiwa baridi, halafu kutwa nzima. Nguvu zinapungua, sketi yake, yaani ule ukingo wa chini, inapasuka, kipande kinakwama, injini inasimama ghafla. Na injini ya msumeno haichagui wakati wa kusimama. Inaweza kusimama wewe ukiwa chini ya mti uliokatwa nusu na umeshaanza kulia. Wewe ndiye uliyenieleza mlio ule, na tangu siku ile naufikiria kila nikilala.

Msimamizi aliinuka akafunga mlango. Alijua nikinyamaza mambo yanaisha, na mimi nilijua. Niliweka muhuri wangu mezani kwake, nikamwomba azuie mzigo wote. Bahati ulikuwa bado stoo, ukisubiri maboksi. Akauzuia, lazima nimsifu kwa hilo. Halafu akaufungia muhuri kwenye droo, na mimi nikahamishiwa meza ya kufungashia.

Ucheke kama unataka. Meza ile ina watu thelathini. Wanaongea kutwa, wanaimba, wanagawana karanga. Nilichokuwa nakitamani nimekipata, ila hakuna anayeongea na mimi. Mafundi waliandikiwa barua za onyo kwa kuniruhusu kupimia kwenye mashine, na wote walilazimika kuja kazini siku ya mapumziko kuzitoa stoo na kuzipanga upya zile pistoni. Nikikaa, dada wa kushoto anageuza kiti. Redio nilikutana naye koridoni, nikamsalimia, akatazama viatu vyake. Siwalaumu. Nimewaponza watu walionipa kiti.

Inauma, mdogo wangu, nisijifanye jasiri. Nakula chakula changu cha mchana nimesimama nyuma ya stoo, kwa sababu nikikaa mezani watu wanamaliza haraka. Nikirudi chumbani nawasha taa, naweka chai, naongea na birika. Juzi nililikemea kwa kuchelewa kuchemka.

Lakini hayo yatapita, au hayatapita, nitajua cha kufanya. Usiniandikie kunipa pole. Hilo silo ninalolitaka kwako.

Ninachotaka ni hiki. Dereva atakaa kambini kwenu usiku mmoja. Mpe pistoni aniletee, ifunge kwenye kitambaa, hata kama imepasuka. Na umpe karatasi yenye mwandiko wako. Andika neno moja. Andika tusi ukipenda, umenitukana mara nyingi na hatukufa. Nione tu ni mkono wako ulioandika.

Msalimie mkeo utakapofika nyumbani, umwambie nimeanza kumshonea mtoto kofia na imetoka kubwa, atakua aifikie. Wasalimie mapacha wenu, hasa yule aliyeng'oka meno ya mbele. Shangazi mwambie dawa yake ya miguu naitumia, ingawa siitumii. Wasalimie na wenzako wa kambini, na yule mpishi wenu unayemlalamikia.

Jana stoo walimaliza kuhesabu. Zimepatikana mia tatu tisini na tisa. Mwenye stoo akaniita, akaniuliza hiyo moja iko wapi, nikamwambia niliichukua kwa ruhusa, karatasi ipo, ni zawadi. Akaandika, akafunga daftari. Kwa hiyo hakuna hata mtu mmoja, popote pale, anayeweza kuumia kwa kosa langu, isipokuwa wewe. Na ile siku sikuchukua tu iliyokuwa karibu. Nilikaa nikazichambua moja moja kwenye trei, nikakuchagulia niliyoiona nzuri kuliko zote.

Mungu akuweke upande ambao mti hauangukii, leo na kesho, na mpaka dereva huyu akufikie.

Ni mimi nikupendaye, na nisiye na mwingine wa kumpigia kelele,

Dada yako.